Pampu Yenye Njaa Nyumbani kwa Mama

Asubuhi ile ya Jumamosi nilisimama bafuni kwa mama yangu nikiwa nimekunja suruali hadi magotini, nikafungua shawa. Maji yalitoka kwa nguvu na kunipiga begani. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika kumi yalikuwa yamelegea. Nilipofika ishirini yalikuwa yakidondoka kwenye vitundu vitatu vinne tu, kama machozi ya mtu anayelazimishwa kulia msibani. Nyuma ya ukuta pampu iliendelea kuunguruma. Nilikuwa nimeitega mwenyewe ijizime maji yakitosha, na haikuwa ikizima. Ilifanya kazi bila kupumzika na bila matokeo, na dada yangu mkubwa alikuwa anaondoka Masasi saa nne.

Sebuleni, karibu na mlango, lilisimama begi la mama. Jeusi, lenye magurudumu, zipu imefungwa hadi mwisho. Alilipanga mwenyewe jana yake bila kuambiwa na mtu, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Nieleze begi lile lilikuwa linangoja nini. Kiangazi kilichotangulia mama alianguka bafuni. Aliinama kuinua ndoo ya maji ya kuoga, sakafu ikamtelezesha, akaangukia nyonga. Dada akaja kumchukua, akamuuguza kwake Masasi mjini hadi alipoweza kutembea kwa fimbo, na siku zote hizo mama alikuwa mtu wa kuuliza kesho ni siku gani, kama anayehesabu siku za kurudi kwake. Alipotaka kurudi Makote, juu kule Newala, tulikaa kikao. Dada alisema mama harudi kuishi peke yake mahali ambapo hawezi kuoga bila kubeba ndoo. Mimi nikasimama. Nilisema: mama hatabeba ndoo tena, nitamwekea maji yanayotoka ukutani kama ya hotelini.

Dada alinitazama vile anavyonitazama tangu utoto.

"Haya, mdogo wangu. Mwezi wa kwanza nitakuja Makote. Nikiingia bafuni nikakuta maji ya kumwogesha mtu mzima, na nisikute ndoo, mama atabaki kwake. Nikikuta ndoo, tunaondoka naye siku hiyohiyo."

"Umesema," nikajibu.

"Nimesema. Na wewe umesema mbele za watu."

Mama alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani. Alisema neno moja tu, tena polepole: "Baba yenu yuko kule." Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, upande wa mikorosho.

Sasa, mtu asiyenijua anaweza kufikiri niliropoka. Sikuropoka. Mimi ni mtoto wa Makote niliyeondoka na kaptura mbili na kurudi na stashahada ya ufundi wa maji. Dar es Salaam nilibeba zege mchana na kusoma jioni, na cheti changu hakina doa la mtu kunisaidia. Nilipoamua kurudi Kusini wenzangu walicheka, wakasema nakwenda kuzika elimu. Leo karakana yangu iko Masasi, na watu wanaonipigia simu pampu zao zikigoma ni pamoja na wale wanaoishi jirani na mafundi wengine. Nimefunga pampu Masasi, nimefunga Kitangari, nimefunga Mnyambe. Nasema haya kwa kujisifu, ndiyo. Sifa hizo nimezitolea jasho.

Lakini pampu ya mama haikuwa kama za Masasi. Masasi mtu akisema kisima ana maana ya shimo lililochimbwa hadi kwenye maji. Kwetu juu ya uwanda maji ya ardhini yako mbali mno. Kisima chetu ni tangi la saruji lililozikwa uani, nalo hujazwa na mvua inayotiririka kutoka kwenye bati la nyumba. Juu kina mfuniko wa chuma, na mfuniko una kufuli. Kabla ya kisima hicho mama alikuwa akiteremka mlima hadi bondeni kuteka maji, na kuupanda tena na ndoo kichwani, mimi nikiwa mgongoni. Mwaka walipochimba, baba alichimba na mama alitoa udongo kwa karai. Kufuli la kisima halijawahi kuwa na ufunguo wa pili. Ufunguo ni mmoja, umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama.

Mwezi wa kumi, nilipomrudisha mama na kufunga pampu, alifungua kufuli mwenyewe. Niliteremsha bomba jeusi la plastiki hadi ndani, mwishoni nikaweka valvu inayozuia maji yasirudi, yenye kichujio kidogo cha waya, na kamba ya kulivutia siku ya matengenezo. Nje nikaweka pampu, tangi la presha, geji ya kupimia presha na swichi. Nikabadilisha pia mifereji ya bati, maana ya zamani ilikuwa imechakaa. Niliunganisha kila kiungo kwa gundi, kisivuje hata tone. Siku ile maji yalitoka bafuni kwa nguvu hadi mama akacheka na kurudi nyuma. Nikarudi Masasi kifua mbele. Na mwezi wa kwanza, siku mbili kabla ya dada kufika, mama akanipigia simu.

"Mwanangu, yale maji yako yamechoka."

Ndiyo maana Jumamosi ile niko bafuni nimelowa bega moja.

Nilianza na umeme, maana umeme mdogo huifanya pampu izunguke kivivu. Nikaupima kwenye swichi. Ulikuwa mzuri. Nikafungua kichwa cha shawa, nikakilowesha kwenye siki na kukisugua kwa mswaki wa zamani. Kilikuwa safi tangu mwanzo. Nikafungua bomba la jikoni. Hadithi ile ile: nguvu kidogo, kisha machozi. Kwa hiyo tatizo halikuwa bafuni. Lilikuwa nyuma, kwenye mashine.

Jirani yetu alikuwa amekwisha kuegemea ua. Ni mzee aliyekua pamoja na marehemu baba, na mikorosho yake imepakana na yetu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, injinia. Nasikia mashine inalia."

"Inalalamika kidogo tu."

"Ya kwangu hailalamiki."

"Yako ipi, mzee?"

"Kamba na ndoo."

Nilipima hewa ya tangi la presha. Ndani ya tangi lile kuna puto la mpira, na hewa iliyolizunguka ndiyo inayoyasukuma maji. Hewa ikipungua, shawa hupumua kama mtu mwenye pumu. Nilikuta imepungua kidogo nikafurahi. Nikatoa pampu ya baiskeli nikajaza huku jasho linaniingia machoni. Nikawasha. Nikakimbilia bafuni. Nikahesabu. Kumi na tano, machozi.

Simu ikaita. Dada.

"Ndiyo tunaondoka. Gari nimepata, dereva ni mtaratibu. Mama amejiandaa?"

"Mama yuko vizuri."

"Nimeuliza kama amejiandaa."

"Njoo tu, dada."

Nilifungua kifuniko cha swichi ya presha, nikasugua vidole vyake vya kupitisha umeme kwa msasa laini. Nikalifuata bomba la kwenda ndani, kiungo kwa kiungo, nikipapasa udongo kama daktari anayepapasa tumbo. Palikuwa pakavu. Geji ilikuwa imekwama chini ya presha ya baa moja na nusu, wakati niliitega pampu izime kwenye tatu. Nikainamisha sikio kwenye pampu. Na hapo nikasikia kitu ambacho sikukipenda: ndani yake kulikuwa na mlio wa changarawe, kama mtu anayesaga mawe madogo kwenye kopo.

Nikajiambia: imeingia mchanga, feni inayosukuma maji imelika. Feni ya pampu ikilika, dawa yake ni mpya, na mpya iko Masasi. Dada angefika kabla sijafika hata nusu ya njia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo mapajani, ananitazama. Alikuwa amevaa nguo za safari. Ukimya wake ulinisumbua kuliko mdomo wa jirani, kwa sababu mama yangu ni mtu anayeongea na kuku.

"Inaweza kupona?" aliuliza hatimaye.

"Itapona."

"Kabla hajafika?"

Nikashika spana. Nikafungua pampu yote, boliti kwa boliti, nikizipanga juu ya gunia ili nisipoteze hata moja. Boliti ya mwisho ilikataa, nikaigonga, nikajiumiza kidole, nikaendelea. Nilipotoa feni na kuinyanyua kwenye mwanga, nilibaki nimeduwaa. Ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na mkwaruzo wala punje ya mchanga. Nilipitisha kidole ndani ya tumbo la pampu, kikatoka kisafi kama kilivyoingia.

"Umepata?" jirani akauliza.

"Haina kitu."

"Sasa inasaga nini?"

Lilikuwa swali la mtu asiyesoma, na lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyojiuliza asubuhi ile. Nilifunga pampu haraka, nikaijaza maji ya kuanzia, nikawasha. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya mapema kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine: nilifunga koki ya kwenda ndani kabisa, pampu isukume bila kutoa maji popote, nikaiangalia geji. Mshale ulitulia. Halafu ukaanza kupanda polepole sana, kama mzee anayepanda ngazi. Ukafika mbili. Ukafika tatu. Swichi ikalia tak, pampu ikazima.

Nikaelewa. Pampu ilikuwa nzima. Isipodaiwa maji mengi, ilifika juu. Ikidaiwa, haikuwa na cha kutoa, kwa sababu nayo haikuwa ikipewa. Pampu inayosaga changarawe zisizokuwepo ina njaa: inavuta na haipati, na yale maji machache yanapasukapasuka ndani yake na kupiga kelele hiyo. Njaa hiyo hutoka upande mmoja tu, upande wa kuvutia. Ni ule niliouruka tangu asubuhi, kwa sababu niliulaza mwenyewe na sikuona sababu ya kujishuku. Wanafunzi wangu wa karakana nimewafundisha wasimwamini fundi aliyetangulia. Sikuwa nimewafundisha kwamba fundi huyo anaweza kuwa wewe.

"Mama, naomba ufunguo wa kisima."

Mama akalishika pindo la khanga yake. Hakulifungua.

"Kisima hakifunguliwi jua likiwa kali namna hii."

"Nitafungua dakika chache tu."

"Mikono yako ina grisi."

Nikaenda kunawa. Nikanawa kwa sabuni hadi viwiko, nikarudi, nikamwonyesha viganja na migongo ya mikono.

"Mama, ufunguo."

"Umeshapima kila kitu huku nje?"

"Kila kitu. Limebaki bomba lililomo kisimani. Ni bomba langu, nililiweka mimi."

"Na kisima ni changu, nilikichimba mimi."

Nilimgeukia jirani anisaidie. Mtu ambaye tangu asubuhi hakukosa la kusema alikuwa anachunguza kucha zake.

Simu ikaita tena. Dada alisema wameanza kupanda mlima, mvua ya jana imeacha utelezi lakini wanakwenda. Nikamwambia vizuri, nikakata. Nikachuchumaa mbele ya kigoda cha mama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nipate stashahada kumwomba mtu kitu kazini.

"Mama. Yuko mlimani. Akifika tukiwa hivi, lile begi linapanda gari. Mimi sitakuwa na la kumwambia, nilisema mbele za watu. Nipe ufunguo."

Alitazama begi, halafu upande wa mikorosho. Akafungua fundo kwa meno, kama anavyofanya siku zote.

"Vuta," alisema. "Lakini usinicheke."

Sikuelewa. Nilifungua kufuli, nikainua mfuniko, harufu ya maji yaliyofungiwa ikanijia. Kisima kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilikuwa nzuri. Nikaishika kamba, nikavuta. Bomba lilikuja zito. Mwisho wake ulipotoka kwenye maji, sikuona kichujio changu cha waya. Niliona fundo la kitambaa ukubwa wa ngumi mbili, limezungushwa mara kadhaa na kukazwa kwa uzi wa katani, nalo limepakwa uteute mzito, nusu kahawia nusu manjano.

Nikakaa chini kando ya kisima. Mtu yeyote wa Newala angekitambua kitambaa kile hata kikiwa na tope. Ilikuwa khanga.

"Nilikwambia siku ile unafunga," mama alisema kutoka kwenye kigoda. "Kitu hakiingii kisimani bila kitambaa. Ukacheka. Ukasema una kichujio cha kiwandani."

Ni kweli alisema, na ni kweli nilicheka. Kwetu kila mdomo wa bomba unaoingiza maji kisimani hufungwa kitambaa, na mtungi hufungwa kitambaa, na mwanamke anayeteka bila kitambaa husemwa. Mama yangu ameishi hivyo miaka yote. Mimi niliona bomba la kutoa maji, yeye aliona mdomo ulio wazi ndani ya kisima chake.

"Nani alikuvutia bomba?" nikauliza. "Wewe na nyonga hiyo?"

Jirani akakohoa.

"Mimi nilishika kamba tu," alisema. "Kufunga alifunga mwenyewe."

"Mzee, umesimama hapo tangu asubuhi unanitazama nafungua pampu nzima!"

"Ningesemaje? Siri ni ya mwenye kisima. Na wewe ulisema unajua."

Nilitaka kusema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimgeukia mama, na yeye akawahi.

"Maji yalipoanza kupungua nilijua ni kitambaa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaogopa kukuambia. Nilijua utamwambia dada yako, na yeye atasema: mnaona, mama na mashine haviwezi kukaa nyumba moja. Nikasema labda utarekebisha kwa juu juu, wala hutafika kisimani."

Niliinama kukata uzi kwa kisu, ili nisimtazame. Kitambaa kilipofunguka, ule uteute ukanibaki vidoleni. Ulikuwa laini kama unga uliolowa. Nikaunusa. Harufu ile siwezi kuikosea, nimekua nayo. Ilikuwa salfa.

Kila kiangazi, mikorosho ikichanua, watu wa kwetu huipulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiri, ule ukungu unaokausha maua. Asubuhi upepo ukiwa umetulia mashine hulia kila shamba, na wingu la manjano hupita juu ya nyumba na kutua kwenye bati. Linakaa huko miezi, na vumbi, na majani, hadi mvua. Ndiyo maana tangu kuwe na visima vya bati kwetu, mvua ya kwanza hainywewi. Mfereji hugeuzwa pembeni, maji yakamwagika uani, watoto wakayachezea, hadi bati likoge. Mvua ya pili au ya tatu ndipo mfereji hurudishwa kisimani. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Na mwezi wa kumi, nikiwa na stashahada yangu, niliunganisha mfereji ule kwa gundi usivuje hata tone, na wala usigeuke.

"Mvua ya kwanza ilipokuja," nikamuuliza mama, "ulifanya nini?"

"Nilitoka na fimbo nikaligeuze lile bomba la mfereji. Halikugeuka. Nikalipiga mpaka nikachoka, mvua inaninyeshea."

Nilimwona: mwanamke mwenye nyonga mbovu, kwenye mvua, anapiga kwa fimbo kazi bora ya mwanawe.

Nikachunguza valvu yangu. Chini ya kitambaa ilikuwa safi, kama feni ilivyokuwa safi. Kama si kile kitambaa, uchafu wote wa bati ungepita kwenye vile vitundu vya kiwandani, ukaingia kwenye pampu, na siku ile ningekuta feni kama niliyoiogopa. Khanga ya mama iliinyima pampu chakula, na ndiyo iliyoizuia isile sumu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli ya kiufundi, na kweli ya kiufundi huwa siikatai hata ikinipiga.

Saa haikuwa inanisubiri nimalize kufikiri. Ningeweza kuondoa kitambaa na kurudisha bomba likiwa wazi. Shawa ingetoka, dada angeridhika, na baada ya wiki mbili pampu ingekufa. Ningeweza kurudisha kitambaa kipya, nacho kingeziba kama cha kwanza, kwa sababu eneo la ngumi mbili ni dogo mno kwa maji ya nyumba. Kitambaa kilihitaji uso mpana. Nilitazama uani. Nikaingia ndani, nikaenda bafuni, nikatoka na ndoo ya kuogea.

"Unakwenda wapi na ndoo yangu?" mama akauliza.

"Naomba msumari mkubwa, na jiko la mkaa."

Jiko lilikuwa linawaka, mama alikuwa amebandika mboga za mgeni. Jirani akaruka ua, akaleta msumari wa inchi sita kutoka kwake na koleo la kuushikia. Yeye aliupasha moto, mimi nikatoboa. Plastiki ilitoa moshi mbaya. Tuliitoboa ndoo pande zote na chini, tundu baada ya tundu, hadi ikawa kama chekecheke. Mama aliingia ndani akatoka na kipande kingine cha khanga, kikubwa, akaizungushia ndoo mwenyewe, akaifunga kwa uzi wa katani. Hakukubali nimsaidie fundo. Nikaliingiza bomba katikati ya ndoo kupitia kwenye mfuniko wake, nikaweka jiwe la kuizamisha, nikaipima kamba ili ndoo ining'inie mbali na tope la chini.

Simu. "Nimefika Newala mjini. Nanunua mkate wa mama, nakuja."

"Karibu," nikasema, na sauti yangu ilinisaliti.

Tuliteremsha ndoo. Nilifunga viungo, nikazungushia tepu mahali pa kukazia, nikajaza pampu maji hadi yakafurika. Nikawasha. Geji ilikaa sifuri. Ikakaa sifuri bado. Pampu ililia kwa sauti kavu ya kuvuta hewa, jirani akafumba macho. Nililegeza kidogo kizibo cha juu, hewa ikafoka, povu likafuata, kisha maji mazima yakanirukia usoni. Nikakaza. Mlio ukabadilika. Changarawe zilitoweka, ukabaki muungurumo mnene, wa mtu aliyeshiba. Mshale ukapanda: moja, mbili, tatu. Tak. Kimya.

Kwenye kimya hicho tukasikia gari linaingia.

Dada alishuka na mkate kwapani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mlima."

Mimi nilimwamkia nikiwa nimelowa, kidole kinatoka damu, nimepakwa salfa hadi shavuni. Alinipitia kama mkaguzi anavyompita mlinzi, akaenda moja kwa moja bafuni. Tukasikia shawa. Nilihesabu bila kutaka. Kumi. Ishirini. Hamsini. Nguvu ile ile. Nyuma ya ukuta pampu ikaamka yenyewe, ikafanya kazi yake. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameshikilia mkono wa begi, sijui kulizuia au kulichukua.

Dada akatoka, mikono ya gauni imelowa.

"Maji yapo," alisema. "Ndoo iko wapi? Msije mkawa mmeificha."

"Iko kisimani," mama akajibu. "Leo imekwenda yenyewe, bila mimi."

Dada akanitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Alikwenda uani akaangalia mfuniko, kamba na geji, akaugonga mshale kwa ukucha. Kisha akarudi, akamtoa mama mkono kwenye begi, akalivuta hadi chumbani. Tukasikia zipu. Alikuwa anatoa nguo na kuzirudisha kabatini, na mama akakaa kwenye kiti kama mtu aliyetua mzigo kutoka bondeni.

Halafu dada akatokea mlangoni ameshika khanga. Ile nzuri, aliyomnunulia mama sikukuu. Upande mmoja ulikuwa na pengo lililokatwa zamani kidogo, pindo limeanza kuchanika nyuzi. Upande wa pili ulikuwa na pengo la asubuhi ile.

"Nani amekata khanga hii?"

Mama akanitazama. Jirani akarudia kucha zake. Mimi huwa sikubali kosa ambalo si langu, hata nusu yake. Waulize wateja wangu.

"Mimi," nikasema. "Nilihitaji kichujio."

"Mara mbili?"

"Mara ya kwanza nilikosea vipimo."

Dada alitikisa kichwa. "Stashahada nzima. Miaka yote Dar es Salaam. Unakuja kuchujia maji kwa khanga ya mama yako."

"Ndiyo inayochuja vizuri," nikajibu, na hilo halikuwa uongo.

Mama akainuka, akachukua fimbo, akasema anakwenda kuangalia mboga. Alipopita karibu yangu alinigusa bega, lile lililolowa. Upande wa mikorosho mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nikachukua msumeno na ngazi, nikapanda hadi kwenye kiungo cha mfereji, kile nilichokiunganisha vizuri kuliko vyote, nikaanza kukikata.